Kwaya Hailipi Studio kwa Sifa

Simama kwenye kibanda chochote cha kurusha nyimbo hapa Tunduma, uulize wenye nyimbo wanapata nini. Jibu ni lile lile kuanzia stendi hadi mpakani: sisi tunawatangaza. Mwenye kibanda analisema, mteja analisema, na kibaya zaidi wasanii wachanga wenyewe wamelikubali. Eti msanii anapewa jina, na jina likishakua pesa itamfuata huko huko. Silikubali jibu hilo hata chembe.

Tuanze na nani analipwa. Dereva wa lori anayesubiri zamu ya kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, ana safari ndefu, pengine hadi Lubumbashi, na anataka nyimbo za njiani. Anatoa flashi. Kijana anafungua kompyuta, kila kitu kimepangwa: Bongo Fleva mpya, za Zambia, za Kongo, za Injili, muvi zilizotafsiriwa. Baada ya muda mfupi flashi imejaa. Dereva anatoa elfu mbili, au kwacha kama ndizo alizonazo mfukoni. Hapo kijana amepata riziki, mwenye fremu atapata kodi yake, luku imelipiwa, kampuni ya simu ilishachukua hela ya bando, muuza flashi alishauza flashi, na halmashauri inadai ada ya leseni. Wote waliougusa wimbo wamelipwa, isipokuwa aliyeutunga, aliyeuimba na aliyelipia kuurekodi.

Kwa hiyo hata wale wanaosema watu wetu ni maskini, hawana uwezo wa kulipia sanaa, wanakosea. Watu wanalipia, tena kila siku. Pesa yao ndiyo haimfikii mwenye kazi.

Hoja ya kutangazwa inaonekana kuwa na nguvu kwa sababu tunaipima kwa mastaa. Tunawatazama wachache wa Dar es Salaam wenye shoo kubwa na mikataba ya matangazo, tunasema, mbona hawa nyimbo zao zilirushwa na bado wametajirika? Naomba tuipime kwa kwaya ya kanisa ya huku kwetu, iwe ya Vwawa, Mlowo au Tunduma mjini.

Aliyekulia kanisani mkoani Songwe anajua kwaya inavyorekodi. Wanakwaya wanachangishana miezi na miezi, na wengi ni wakulima, hivyo mchango unasubiri kahawa au mahindi yauzwe. Sare zinashonwa. Studio inatafutwa, mara nyingi Mbeya, na nauli ya kwaya nzima si mchezo. Mpiga picha analipwa, mhariri wa video analipwa. Halafu unakuja uzinduzi. Mgeni rasmi ananunua nakala ya kwanza kwa fedha nyingi, vigelegele vinapigwa, ahadi zinaandikwa kwenye daftari. Mweka hazina peke yake ndiye anayejua kwamba makusanyo ya siku ile yanalipa madeni tu. Faida, kama itakuwepo, inategemea nakala zitakazouzwa baadaye.

Nakala hizo haziuzwi. Kabla wiki haijaisha albamu nzima iko kibandani, imepelekwa na muumini aliyeinunua kanisani, na kundi la WhatsApp limeshaivusha mpaka Nakonde. Maboksi ya DVD yanabaki chini ya kitanda cha mwenyekiti wa kwaya. Kwaya ikitaka kurekodi albamu ya pili inarudi kuwachangisha wakulima wale wale. Nyingi hazirudi, na tunabaki kushangaa kwa nini waimbaji wazuri walinyamaza.

Wakilalamika wanaambiwa Injili haiuzwi. Hili linaniudhi kuliko yote. Kwaya ikiamua kugawa kazi yake bure, huo ni uamuzi wake na Mungu aibariki. Lakini mtu anayetoza pesa kurusha albamu ya kwaya hajagawa chochote bure. Ameuza, tena ameuza kisicho chake. Injili imekuwa ya bure kwa kwaya peke yake.

Mwandishi wa riwaya ndiye asiye na pa kushika kabisa, maana yeye hana hata shoo. Riwaya za Ben Mtobwa na Elvis Musiba zinatumwa kama PDF kutoka simu hadi simu, na anayetuma anajiona msaidizi wa fasihi. Mtobwa alifariki mwaka 2008. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi kwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo warithi wake wana haki hiyo hadi 2058. Marehemu hatafutiwi jina. Anayeumia hapo ni familia yake.

Iko hoja moja nzito, nayo inastahili kujibiwa. Wimbo ukinakiliwa, mwenye nao bado anao, wakati mkulima wa Mbozi akiibiwa gunia la kahawa ghala lake linabaki tupu. Ni kweli. Lakini mkulima yule halimi ili akae na gunia, analima apate mnunuzi. Kibanda kinamwachia msanii wimbo wake na kumchukulia mnunuzi. Dereva aliyekwisha kutoa elfu mbili hatatoa nyingine.

Tena wenye nguvu ya kuweka wakili hawaambiwi kwamba wametangazwa. Wanamuziki wa Bongo Fleva AY na MwanaFA walipoona nyimbo zao zinatumiwa na kampuni ya simu kama miito bila ridhaa yao, walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala ikaamuru walipwe zaidi ya shilingi bilioni 2. Kesi ikaenda kwenye rufaa, lakini sikusikia mtu mitaani akisema wasanii wale wangeshukuru kwa kupewa jina. Shukrani hiyo tunaidai kwa wanyonge.

Serikali nayo haijafanya ya kutosha. Januari 2022 COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki, iligawa mirabaha ya shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Gawanya mwenyewe: wastani hauzidi laki tatu kwa mtu. Mwaka 2023 ikaletwa tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vya kurekodia na kunakilia. Ni hatua nzuri, ila kifaa kinachopita njia ya panya hakilipi tozo, na sisi wa mpakani tunajua njia hizo zilivyo nyingi.

Sitaki kijana wa kibanda akamatwe na kompyuta yake ibebwe. Kwa dereva aliye barabarani yeye ndiye duka pekee la muziki lililo wazi, na ukimfunga leo kesho atafungua mdogo wake. Namtaka alipe. Halmashauri ya Mji wa Tunduma inajua vibanda vyake, maana inavidai leseni. Leseni ya kurusha nyimbo isitolewe bila kibali cha hakimiliki, na sehemu ya kila buku mbili ifike kwa wenye kazi. Ofisi ya Hakimiliki ije ikae na wenye vibanda mezani hapa hapa, isisubiri wao waifuate Dar es Salaam.

Na ninyi viongozi wa kwaya, sajilini kazi zenu kabla ya uzinduzi. Sheria inawalinda hata bila usajili, lakini siku ya kudai mtaulizwa ushahidi, na cheti cha usajili ni ushahidi. Kisha siku ya uzinduzi, mgeni rasmi akishakaa, mwambieni mchungaji alitamke madhabahuni bila kumung'unya: atakayeipeleka albamu hii kibandani amewaibia wanakwaya.