NGOMA ILIVUKA BAHARI, SISI TUNAIACHA NYUMBANI



Kila mwaka, wakati wa kutayarisha sikukuu ya kufunga masomo, inakuwa neno moja. Rumba inapata wachezaji mara moja, hata wanasukumana. Ngoma ya Kinande inabaki bila mtu. Wamoja wanasema, "Ile ni mambo ya kijiji," na wengine wanacheka. Sisi wa mwaka wa sita, tuliopewa kazi ya kuangalia wadogo, tunaona kucheka huku hakufai. Juu ya nini?

Hii rumba tunayopenda inatoka wapi? Wengi watajibu: Kinshasa. Ni kweli, lakini ni nusu. Kisiwa cha Cuba kilipokea watumwa Waafrika zaidi ya laki saba, mpaka utumwa ukakomeshwa kule mwaka 1886. Wengi walitoka upande wa Bas-Congo na Angola, wengine walikuwa Wayoruba na watu wa Calabar. Mikononi hawakubeba kitu. Walibeba kichwani: mapigo ya ngoma, nyimbo, maneno. Watu wa Kongo walifanya vyama vyao, wakasaidiana, wakazikana, wakapiga ngoma siku ya sikukuu. Wakubwa waliwazarau. Mwanzoni mwa karne ya 20, vikundi vya ngoma vilikatazwa katika barabara za Havana, vikarudishwa mwaka 1937. Lakini leo, ukiondoa sehemu ya Mwafrika katika muziki wa Cuba, kitabaki nini?

Kiisha ngoma ikarudi. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za Cuba ziliuzwa huku Afrika. Vijana wa Léopoldville walizisikia, wakatambua kitu cha kwao, wakatia Lingala na gitari zao. Mwaka 1960, Kabasele na African Jazz waliimba uhuru wetu kwa mwendo wa cha-cha-cha ya Cuba. UNESCO iliandika rumba ya Cuba katika urizi wa dunia mwaka 2016, na ile ya Kongo zote mbili mwaka 2021.

Tusidanganyane: njia ile ya Atlantiki si ya mababu wetu wa Beni na Lubero. Hatuwezi kujisifu kwamba sisi tuliizaa Cuba. Lakini fundisho ni letu. Watu waliofungwa minyororo walilinda nyimbo zao. Sisi ambao hakuna anayetukataza, tunaziacha kwa haya.

Na kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 2014 mauaji ya Beni yanafukuza watu vijijini. Wazee wanafika Butembo na mikono mitupu, ngoma imebaki katika nyumba iliyochomwa. Wao pia wamebeba kichwani tu. Mzee akikufa kabla ya mtu kumuuliza, tutamuuliza nani?

Tunajua wazazi wamoja watasema ngoma inaita mapepo. Kule Cuba, kweli, ngoma nyingine ni za ibada ya mizimu, na zile hatuziombi. Lakini ngoma ni mti na ngozi. Mwenye kuipiga ndiye anajua anamsifu nani. Zaburi ya 150 inataja tari na kinubi, wala haioni haya.

Basi tunaomba mambo mawili. Kwanza, kila darasa lijifunze wimbo mmoja kwa mzee, maneno yaandikwe katika kaye pamoja na maana yake. Wenzetu Wapere, Wambuba na Watalinga walete za kwao, isiwe Kinande peke yake. Pili, uongozi utupatie nusu saa katika sikukuu, mbele ya rumba, si nyuma wakati watu wameanza kwenda.

Rumba hatuikatazi, sisi pia tutaicheza. Lakini mtu anayecheza ya jirani akiwa hajui ya mama yake, huyo amekuwa mgeni fasi mbili.