Watoto wa Ayalandi Waliandika, Sisi Je?

Wapo wenzetu katika chama hiki wanaosema ati kuandika imani za wazee ni kueneza ushirikina. Wasomaji wapendwa, mimi napinga, tena kwa kinywa kipana, na ushahidi wangu nautoa mbali, huko Ayalandi.

Mwaka 1937 tume iliyoundwa huko kukusanya mila na ngano iliwageukia watoto wa shule za msingi. Hadi mwaka 1939 wanafunzi wa shule zipatazo 5,000 walikuwa wakienda kwa babu, nyanya na majirani, wakiuliza maswali, kisha wakiandika majibu katika daftari. Hebu fikirini! Si maprofesa hao, ni watoto wadogo kuliko sisi.

Na waliandika nini? Waliandika kwamba ukiingia nyumba ambamo maziwa yanasukwa kupata siagi, sharti nawe ushike usuke kidogo, la sivyo utaondoka na baraka ya siagi yao. Kwamba maji ambayo mhunzi huzimia chuma cha moto huponya chunjua. Kwamba kichaka cha miiba kilichosimama peke yake kondeni hakikatwi, maana ni cha "watu wema", viumbe wasioonekana ambao hawatajwi kwa jina lao wasije wakaudhika. (Hiyo tabia ya kuogopa kutaja jina, nani kwetu haijui?) Mwaka 1999, huko Latoon katika kaunti ya Clare, msimulizi wa hadithi Eddie Lenihan alikipigania kichaka kama hicho kisikatwe kupisha barabara kuu. Barabara ikajengwa, na kichaka kikaachwa.

Katika daftari zizo hizo wamo waezekaji wa nyumba, mafundi wa mapipa na wasukaji wa vikapu, na jinsi walivyofanya kazi. Bidhaa za viwandani zilikwisha kuanza kuzimeza kazi hizo.

Sisemi kila imani ni njema, la hasha. Mwaka 1895, huko Tipperary, Bridget Cleary alichomwa moto na mumewe, aliyedai kwamba huyo si mkewe bali kiumbe kilichowekwa mahali pake na hao "watu wema". Hata hapa Kenya wazee wamechomwa kwa kusingiziwa uchawi. Lakini je, kunyamaza kumemwokoa nani? Imani ikiandikwa tunaweza kuisoma mchana, tukaibishia, tukaikataa. Ikifichwa, itaendelea kunong'onwa usiku. Kuandika si kuamini jamani!

Likizo ya Agosti hiyo yaja. Namwomba mwalimu mlezi wa chama atupatie daftari moja moja twende nazo nyumbani. Mimi nitaanza na mzee mmoja wa kijijini kwetu achongaye mizinga ya nyuki. Amepita miaka 80, wanawe wote wako mjini, na sijaona kijana hata mmoja ameketi karibu naye akimtazama anavyoshika tezo.