Kujikaza Si Tiba

Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, leo nalishitaki neno moja mbele yenu. Uwanjani Kampala utalisikia kwa Kiswahili, "jikaze", na kwa Kiluganda, "guma". Husemwa na kocha, na nahodha, na mashabiki waliokaa kwenye nyasi wakila gonja. Mchezaji ameanguka, ameshika goti, uso umekunjamana, na tiba ya kwanza anayopewa ni neno hilo. Wanaolisema huamini wanamtia moyo. Mimi nasema wanamuumiza mara ya pili.

Ninaye rafiki aliyecheza netiboli katika chuo kimoja hapa mjini. Alikuwa akisoma kwa ufadhili wa michezo: yeye acheze, chuo kimlipie karo. Siku moja aliruka kuudaka mpira, akatua kwa mguu mmoja huku mwili ukigeuka, na goti likalia "ta!" Kabla ya saa mbili kupita lilikuwa limevimba kama papai. Jioni ile wenzake walimchua kwa dawa ya moto, wakalikanda, wakalivuta. Wiki tatu baadaye maumivu yalikuwa yamepungua na nusu fainali ilikuwa imefika. Aliambiwa ajikaze, naye akajikaza. Dakika chache baada ya kuingia, goti lilimtoka bila hata kuguswa na mtu. Hakucheza tena. Muhula uliofuata ufadhili ulikatwa, maana karatasi ilisema wazi kwamba ni wa wachezaji.

Atakayesema hiyo ni bahati mbaya nitampinga. Dalili zilikuwepo tangu dakika ya kwanza. Goti linalolia wakati wa kutua au kugeuka, kisha likavimba ndani ya saa chache, mara nyingi lina damu ndani, na mara nyingi kano ya mbele inayolishikilia imechanika. Hilo ni goti la kupelekwa hospitali. Kulichua na kulitia joto siku ya kwanza huongeza damu na uvimbe. Hata paja lililopigwa teke likavilia damu halichuliwi siku za mwanzo, kwa kuwa msuli uliosumbuliwa hivyo unaweza kuota mfupa ndani yake. Lakini nani uwanjani pale alijua? Kwetu kila kitu huitwa "kuteguka". Kano ikichanika, ameteguka. Mfupa ukipata ufa, ameteguka. Tunaojifunza Kiswahili tuna aibu yetu hapa: tunabishana usiku kucha kuhusu ngeli za nomino, na hatujawafundisha wachezaji wetu tofauti ya msuli na kano.

Najua jibu linalokuja. "Hatuna fedha. Eksirei ni ghali, daktari wa timu ni anasa ya Ulaya." Basi nitaje mambo yasiyogharimu hata shilingi. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni za kuamua ni kifundo kipi cha mguu kinahitaji eksirei. Mwulize majeruhi: unaweza kupiga hatua nne, hata kwa kuchechemea? Kisha bonyeza kwa kidole ukingo wa nyuma na ncha ya mfupa unaotokeza kila upande wa kifundo. Akishindwa hatua nne, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, apigwe picha. La sivyo, yaelekea kano imevutika tu. Katika wayo yapo maeneo mawili mengine ya kubonyeza, na yote hufundishika kwa nusu saa chini ya mwembe. Kanuni hizo zilitungwa makusudi ili watu wasipoteze fedha kwa picha zisizohitajika. Maskini ndiye wa kwanza kuzihitaji.

Kinga nayo haidai fedha nyingi. Mwaka 2008 watafiti wa Norwei walichapisha matokeo ya jaribio kwa wasichana wanasoka 1,892 wa miaka 13 hadi 17. Waliopasha misuli kwa mpango maalumu wa dakika 20, wa kukimbia, kuimarisha mapaja, kusimama kwa mguu mmoja na kujifunza kutua goti likiwa limekunjwa, waliumia pungufu kwa karibu theluthi moja. Mpango huo hauhitaji chombo chochote ila mpira. Sisi hushuka kwenye taksi tumechelewa, tunazunguka uwanja mara mbili, tunaanza.

Wapo pia watakaoniambia mabingwa wetu walifika walipofika kwa kuvumilia maumivu. Tuwatazame basi. David Rudisha wa Kenya alishinda dhahabu ya mita 800 London 2012 kwa rekodi ya dunia. Mwaka 2013 goti lilimsumbua, naye hakwenda kutetea taji lake Moscow. Alirudi akawa bingwa wa dunia Beijing 2015, na wa Olimpiki Rio 2016. Joshua Cheptegei wetu alitwaa dhahabu ya mita 10,000 Budapest 2023, kisha akajiondoa katika mita 5,000 kwa sababu ya mguu. Mwaka uliofuata, Paris, alishinda mita 10,000 kwa dakika 26:43.14, rekodi ya Olimpiki. Uvumilivu wao ulikuwa wa kukaa nje wakati dunia nzima inakimbia. Huo ndio mgumu.

Nisieleweke vibaya. Simwambii mtu alale kitandani kwa kila kiungo kinachouma. Misuli iliyochoka baada ya mazoezi mageni huuma siku mbili tatu kisha hupoa. Hiyo si jeraha. Hata kifundo kilichovutika hakitaki kufungiwa ndani mwezi mzima. Siku mbili za kwanza kipumzishwe, kifungwe bandeji, kiinuliwe juu ya mto, na barafu kidogo ndani ya kitambaa itulize maumivu. Kisha kianze kutumika taratibu, maana kano huimarika kwa kubeba mzigo unaopimwa. Kosa letu ni kudhani maumivu yakiisha na jeraha limepona. Kipimo ni kazi: unaweza kukimbia, kurukaruka kwa mguu ulioumia, kugeuka ghafla bila maumivu wala woga? Kama huwezi, hujapona. Goti lililofanyiwa upasuaji wa kano ya mbele hudai angalau miezi 9 kabla ya mechi.

Na ninyi mnaojiandaa kwa marathoni ya Kampala ya Novemba, muundi unaouma mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, na ukauma hata usiku, unaweza kuwa mfupa unaopata ufa. Acheni kukimbia, mkaonwe. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa au kutapika asirudi uwanjani siku hiyo hata akililia. Waunga mifupa wetu siwadharau. Mikono yao ina ujuzi wa vizazi. Lakini vidole vikipoa au kufa ganzi ndani ya bandeji, ilegezwe na mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Nimeacha la mwisho kwa wenye mamlaka vyuoni. Rafiki yangu hakujikaza kwa ujinga peke yake. Alijikaza kwa sababu kukaa nje kulimaanisha kukosa karo. Ufadhili unaokufa siku mchezaji anapoumia humfundisha kuficha jeraha, na wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mtu akiumia akiwa amevaa jezi ya chuo, chuo kimlipie karo mpaka amalize masomo, na kimpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, Mulago wapo. Kila timu iwe na mtu mmoja aliyefunzwa huduma ya kwanza, mwenye uwezo wa kumtoa mchezaji uwanjani bila kocha kumpinga. Chuo chenye fedha za jezi mpya na basi la kwenda mashindanoni hakiwezi kusema hakina fedha za bandeji.

Rafiki yangu sasa anauza nguo Owino, anatafuta karo ya mwaka uliobaki. Akipanda ngazi hushika ukuta. Nikimwuliza hali, hunijibu kwa lile neno nililolishitaki: "Najikaza."