Likasi: Kabla ya kuuzisha parseli juu ya masomo ya urubani

Kila mwaka, matokeo ya Examen d'État yakitoka, mazungumzo yanaanza upya katika nyumba za Likasi. Mtoto amepata asilimia nzuri. Wazazi wanataja udaktari, uinjenia wa madini, sheria. Yeye anajibu: « Minataka kuendesha ndeke. »

Hakuna ubaya katika ndoto hiyo. Lakini masomo ya urubani hayafanane na ya chuo kikuu. Minervali ya chuo inalipwa kwa mwaka. Urubani unalipwa kwa saa, na kila saa inaunguza mafuta.

Hesabu inaanzia wapi?

Kanuni za OACI, shirika la dunia la usafiri wa anga, zinaomba angalau masaa 40 ya kuruka kwa leseni ya mtu binafsi, ile isiyoruhusu kulipwa mshahara. Leseni ya kazi inaomba masaa 200, ao 150 kama mwanafunzi amefuata masomo ya mfululizo katika shule iliyokubaliwa. Leseni ya juu, ile ya kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inaomba masaa 1 500.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Tuseme saa moja ya ndege ndogo pamoja na mwalimu ni dola 200. Masaa 200 ni dola 40 000. Tuseme tena nyumba na chakula ni dola 500 kwa mwezi, kwa miezi 24: dola 12 000. Tumefika 52 000, na bado hatujaweka viza, mitihani, daktari, vitabu na tiketi za safari. Huko Uingereza, masomo kamili yanaweza kupita dola 100 000.

Na si mwisho. Leseni ya kazi peke yake hairuhusu kukaa mbele ya Boeing 737. Kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake, na mara nyingi hayo pia yanaomba dola elfu kumi na zaidi. Kampuni zingine zinayalipia, zingine zinaachia kijana mwenyewe.

Shimo kati ya masaa 200 na kazi

Hapa njo jamaa nyingi zinaangukia. Kijana anarudi na leseni na masaa 200, lakini kampuni nyingi zinatafuta mtu mwenye masaa mengi zaidi. Ili apate masaa anahitaji kazi. Ili apate kazi anahitaji masaa. Wakati anangojea, leseni haikai bure: cheti cha daktari kinafanywa upya kila miezi 12, na ruhusa ya kuruka kwa kufuata vyombo inaomba mtihani kila mara.

Tena, leseni ni ya nchi iliyoitoa. Aliyesoma Kenya ao Afrika ya Kusini, akitaka kuendesha ndege iliyoandikishwa Kongo, lazima Autorité de l'Aviation Civile ya Kinshasa imkubalie kwanza.

Na soko la kwetu ni dogo. Air Zaïre ilianguka katika miaka ya 1990. Congo Airways ilianza kuruka mwaka 2015, lakini kiisha ikasimamisha safari kwa kukosa ndege. Mwezi wa kumi na mbili 2024, Air Congo ikaanza: serikali ina 51 %, Ethiopian Airlines 49 %. Tangu mwaka 2006, kampuni za Kongo ziko kwenye liste ya Umoja wa Ulaya ya zile zisizoruhusiwa kuruka kule. Na vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa ndege wa kule ulifungwa. Kila uwanja unaofungwa unapunguza kazi za marubani.

Shule nayo inaweza kufa

Mwezi wa ine 2023, Tayside Aviation, shule ya zamani ya Dundee, Scotland, ilifunga milango. Wanafunzi waliokuwa wamelipa mbele walijikuta bila ndege na bila kujua kama watarudishiwa feza. Kama hayo yametokea Uingereza, yanaweza kutokea popote.

Kuna pia hatari ya maisha yenyewe. Tarehe 5 mwezi wa tatu 2024, karibu na uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege ndogo ya mafunzo, Cessna 172, iligongana angani na Dash 8 ya Safarilink. Mwanafunzi na mwalimu wake walikufa. Dash 8, yenye watu 44, ilirudi kutua salama. Ajali za namna hiyo ni chache, lakini mzazi anapaswa kujua.

Mambo ya kufanya kwanza

Daktari mbele ya shule. Uchunguzi wa daraja la kwanza unaangalia macho, rangi, masikio, moyo, sukari. Kijana akikataliwa hapo, jamaa imepoteza feza kidogo. Akikataliwa kiisha kulipa shule, parseli imeenda bure.

Pili, Kiingereza. Kwa safari za kimataifa rubani anapaswa kufikia angalau kiwango cha 4 cha OACI. Kifaransa cha masomo ya Likasi hakitoshi.

Tatu, kuuliza serikali ya nchi ile kama shule imekubaliwa, na kuuliza wanafunzi wenyewe: ndege ngapi zinaruka leo, si ngapi zimesimama kwenye hanga? Walimaliza kwa miezi mingapi? Ndege zikiharibika, mwanafunzi anangoja, na nyumba inaendelea kulipwa.

Ine, kulipa kidogo kidogo, kufuatana na masaa yaliyorukwa, na kushika karatasi. Shule inayolazimisha feza yote siku ya kwanza inaomba jamaa ibebe hatari yake.

Kuna pia milango mingine. Fundi wa ndege na muongozaji wa ndege kwenye mnara wanafanya kazi katika ulimwengu ule ule. Kijana aliyekulia karibu na karakana za Gécamines anajua tayari thamani ya fundi.

Kama kiisha hesabu yote jamaa bado inaamua ndiyo, ni haki yake. Lakini mazungumzo hayo yafanyike na mama, ndugu na mtoto mwenyewe pamoja, swali moja likiwa mezani: kazi isipopatikana kwa miaka mitatu, wadogo wake watasoma kwa feza gani, na jamaa italala wapi?