Lita Tisa Zilizoleta Ugomvi

Mwezi huu tunaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Jirani yetu mmoja wa hapa Bariadi alitujia jioni moja macho yakiwa mekundu kwa kulia. Baada ya mauzo ya pamba, yeye na mumewe walinunua gari dogo la haibridi lililotumika Japani. Mtoto wao wa pili huhudhuria kliniki Mwanza kila mwezi, na nauli za basi zilikuwa zimewachosha. Aliyewauzia gari aliwaambia kwamba linakwenda kilomita 35 kwa lita moja ya petroli.

Mama huyu huuza mchele sokoni, na hesabu haimpigi chenga. Kutoka Bariadi kwenda Mwanza kwa kupitia Lamadi na Magu ni takriban kilomita 190. Kwenda na kurudi ni 380. Ukigawanya kwa 35 unapata lita 11. Lakini kila mwezi mumewe alidai fedha za lita 20.

"Lita tisa zinakwenda wapi?" alituuliza.

Tukiweka lita moja kuwa shilingi 3,000, ili hesabu iwe nyepesi, hizo ni shilingi 27,000 kila safari. Si fedha ndogo kwa nyumba yenye watoto wa shule.

Nasi, badala ya kumtuliza, tulimpa shauri baya. Tulimwambia, "Mchunguze mumeo. Huenda kuna nyumba nyingine anayoipitia." Neno hilo lilifika nyumbani kwake likawasha moto. Kwa majuma mawili wale wawili hawakusemezana ila kwa kuwatuma watoto. Siku ya kliniki ilipokaribia, mama alikataa kutoa fedha za zaidi ya lita 11, na mtoto nusura akose dawa zake. Hapo ndipo tulipoogopa, tukaenda kumwona fundi wa magari ili atueleze ukweli wa jambo hili. Tuliyojifunza ndiyo tunayowaletea, maana magari haya yanazidi kuingia majumbani mwetu.

ILE 35 ILITOKA WAPI?

Muuzaji hakuitunga. Gari dogo la haibridi linalofahamika sana nchini ni Toyota Aqua. Lilipoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011, lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 35.4 kwa lita. Lakini kwa kipimo kingine, kilichotumika kabla yake, gari lile lile lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 40. Gari ni moja, injini ni moja, namba ni mbili! Basi mama, utaona kwamba namba ile inategemea kipimo kilichotumika.

Na kipimo chenyewe kikoje? Gari huwekwa juu ya magurudumu ya mashine ndani ya jengo. Huendeshwa kwa dakika 20 hivi, na umbali wote ni kama kilomita 8 tu. Mwendo wake kwa wastani ni kilomita 24 kwa saa, na haufiki hata 85. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna vumbi, hakuna upepo wa uso kwa uso, hakuna watoto wanne kiti cha nyuma, wala gunia juu ya keria. Je, ni nani kati yetu anayesafiri hivyo?

Wenzetu wa Marekani nao yaliwakuta. Mwaka 2008 serikali yao ilibadili namna ya kukadiria matumizi ya mafuta ili ilingane na uendeshaji wa kweli, yaani mwendo wa kasi zaidi, kiyoyozi na baridi. Makadirio ya magari ya Toyota Prius ya miaka ya 2004 hadi 2007 yakashuka kutoka kama kilomita 23 kwa lita hadi chini kidogo ya 20. Magari hayakuharibika. Ni kipimo kilichosogea karibu na barabara.

GARI HILI HUFANYAJE KAZI?

Gari la haibridi lina injini ya petroli na pia mota ya umeme yenye betri yake kubwa. Halichomekwi ukutani kama simu. Umeme wake hutoka kwenye injini yenyewe, na pia kwenye breki.

Unajua, mama, jinsi unavyotumia makaa yaliyobaki ya chakula cha mchana kuchemshia maji ya kuogea? Gari la kawaida likifunga breki, nguvu yote ya mwendo hugeuka joto ikapotea. Gari la haibridi huikusanya sehemu ya nguvu hiyo, ikarudi kwenye betri, kisha likaitumia kuondokea tena. Likisimama, injini huzima. Likitambaa polepole mjini, laweza kwenda kwa umeme peke yake.

Ndiyo maana gari hili hupata faida kubwa penye foleni na mwendo wa taratibu. Katika safari ndefu ya lami, kama ile ya Lamadi hadi Mwanza, injini hufanya kazi karibu muda wote, na breki za kukusanyia umeme ni chache. Tena ukitoka mwendo wa 80 ukafika 120 kwa saa, nguvu ya upepo unaozuia gari huongezeka zaidi ya mara mbili. Injini hailipi deni hilo kwa kitu kingine ila petroli.

TULIVYOSAFIRI NAO

Tulimwomba jirani yetu akubali safari moja ya majaribio, na mmoja wetu akafuatana nao akiwa na daftari na kalamu. Mumewe naye alikubali, ingawa kwa uso mzito.

Kwanza tuliuliza walivyokuwa wakisafiri zamani. Mtoto alitakiwa kliniki asubuhi na mapema, lakini nyumba iliamka kwa kuchelewa: chai haijachemka, nguo hazijapigwa pasi, kadi ya kliniki haionekani. Baba alipoondoka alikuwa amekwisha kuchelewa, akalikimbiza gari 110 na 120, kisha akashika breki za ghafla kila alipoona matuta au askari wenye tochi. Juu ya keria palikuwa na gunia la mchele na mfuko wa michembe vya kumpelekea shangazi. Na ni nani aliyevipakia? Ni mama mwenyewe!

Safari hii kila kitu kilitayarishwa usiku. Tuliondoka mapema kwa dakika 40. Gunia lilibaki nyumbani na keria ikafunguliwa. Tairi ziliongezwa upepo, kwani zilikuwa zimepungua. Baba aliendesha kwa 80 nje ya miji, na 50 au chini yake kwenye makazi ya watu, kama sheria inavyotaka. Alipoona matuta kwa mbali aliachia mafuta mapema, akaligusa breki kwa upole.

Tuliporudi Bariadi tulijaza tangi kwenye pampu ile ile tuliyojazia asubuhi. Ziliingia lita 16.

Tukaketi, tukapiga hesabu pamoja. Kutoka lita 20 hadi 16 ni lita nne: hizo zilikuwa zikiliwa na haraka, mzigo, keria na tairi zilizolegea. Kutoka lita 16 hadi 11 ni lita tano: hizo hakuna aliyewahi kuzila. Zilikuwa kwenye karatasi ya vipimo vya Japani tu, hazikuwahi kuingia kwenye tangi. Nne na tano ni tisa. Ile nyumba nyingine tuliyoizua haikuwako.

Wala gari hilo si baya. Gari la petroli tupu linalokwenda kilomita 13 kwa lita lingekunywa lita 29 katika safari hiyo hiyo.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Ondokeni mapema. Nusu saa ya usingizi ni rahisi kuliko lita za petroli, na ni salama zaidi kwa watoto. Mwendo mkali na kukanyaga mafuta kwa ghafla ndivyo vinavyokula zaidi.

2. Achieni mafuta mapema, shikeni breki taratibu. Breki ya ghafla huzidi uwezo wa mota wa kukusanya umeme, na nguvu hupotea kama katika gari lolote.

3. Msiweke gia huru kwenye mteremko. Wapo madereva wanaodhani wanabana matumizi. Katika magari haya gia ikiwa huru betri haichajiwi, na dereva hupunguza uwezo wake wa kulitawala gari.

4. Teremsheni mizigo isiyo ya lazima, na keria isiyo na kazi ifunguliwe. Inazuia upepo hata ikiwa tupu.

5. Pimeni upepo wa tairi angalau mara moja kwa mwezi. Kiasi kinachotakiwa huandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa penye mlango wa dereva.

6. Tumieni kiyoyozi kwa kiasi. Jua la Simiyu twalijua, lakini kiyoyozi hunywa umeme wa betri, na betri ikipungua injini huwaka hata kama gari limesimama. Mkiwa mjini kwa mwendo mdogo, vioo wazi vyatosha. Kwenye mwendo wa kasi fungeni vioo, maana upepo huingia na kulirudisha gari nyuma.

7. Unganisheni safari fupi. Injini ya baridi hula zaidi. Shule, soko na mazoezi ya kwaya vikiwekwa katika mzunguko mmoja, ni bora kuliko kutoka mara tatu.

8. Lindeni tundu la hewa la betri. Hili ni letu sisi akina mama. Katika Aqua na Prius nyingi, pembeni ya kiti cha nyuma kuna tundu lenye nyavu. Hapo ndipo betri inapovutia hewa ya kujipoza. Sisi hulifunika kwa kanga, mabegi na blanketi la mtoto bila kujua. Tena vumbi la barabara zetu za changarawe hulijaza. Betri ikikosa hewa hupata joto na kuchoka mapema, na ikichoka injini ya petroli hubeba kazi yake. Betri mpya ni ghali, basi acheni tundu hilo wazi, na mpelekeeni fundi anayejua haibridi alisafishe. Lakini msiguse kamwe nyaya nene za rangi ya chungwa. Zina umeme mkali unaoweza kuua.

DAFTARI LA GARI

Kioo cha gari huonyesha kilomita kwa lita, mara nyingi kwa maandishi ya Kijapani, nacho chasaidia. Hata hivyo kipimo cha kutegemea ni tangi na risiti. Jazeni tangi mpaka bomba la pampu lijikate lenyewe, andikeni kilomita zinazosomeka. Mkija kujaza tena, andikeni kilomita mpya na lita zilizoingia. Gawanyeni kilomita mlizokwenda kwa lita hizo. Fanyeni hivyo mara tatu au nne ndipo mseme gari lenu linakula kiasi gani, kwa sababu mara moja haitoshi.

Andikeni na bei pia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo, nayo hupanda na kushuka. Mwezi Agosti 2022 lita moja ya petroli ilifika shilingi 3,410 Dar es Salaam, na kwetu mafuta husafiri mbali kutoka bandarini kabla ya kutufikia, na gharama ya safari hiyo imo ndani ya bei. Mwezi mwingine fedha zikizidi huenda lita ni zile zile, ila bei imepanda. Bila daftari hamtajua, na asiyejua hushuku.

Sasa tumalizie kisa chetu. Tulikwenda kwa yule baba, tukaketi barazani kwake, tukamwomba radhi kwa maneno tuliyompa mkewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ningekuwa na nyumba nyingine, ningeipelekea petroli?" Mkewe akacheka kwanza, nasi tukafuata. Lakini hatukusahau kwamba kwa majuma mawili nyumba ile haikuwa na amani, na mtoto mgonjwa alikuwa katikati.

Siku hizi daftari la gari hukaa kwenye droo ya gari lao. Baba huandika kilomita, mama huandika shilingi, na mwisho wa mwezi husoma pamoja. Mwezi uliopita safari ya kliniki ilikula lita 17. Mama alipouliza, baba alimwonyesha ukurasa: mvua kubwa tangu Magu, na shangazi waliyerudi naye pamoja na mizigo yake. Yakaisha hapo.

Mama mwenzetu, ukiona hesabu ya nyumbani haikai sawa, mwite mwenzio mketi nayo kabla hujaipeleka kwa majirani. Na sisi majirani tukiletewa hesabu ya namna hiyo, tuulize kwanza tangi lilipimwa lini.