Kibali cha kuongeza chumba kisingoje mvua

Msimu wa kuuza tumbaku unapofika, mji wa Tabora huchangamka. Wakulima kutoka Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua huingia mjini na fedha zao, na si kweli kwamba zote huishia kwenye starehe kama baadhi ya watu wanavyodhani. Nyingi huishia kwenye matofali. Mmoja anaongeza vyumba viwili vya kupangisha, mwingine anajenga stoo ya mahindi nyuma ya nyumba, na mwingine anatoa fremu ya duka mbele ya baraza.

Mkulima wa kawaida hana hisa wala hati fungani. Chumba anachoongeza ndiyo akiba yake na ndiyo pensheni yake. Kwa sababu hiyo, suala la kibali cha ujenzi si la wahandisi na maofisa wa mipango miji peke yao. Ni suala la uchumi wa mkulima.

Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007 inataka anayeendeleza ardhi katika eneo la mipango apate kwanza idhini ya mamlaka ya upangaji, na kuongeza nyumba iliyopo nako ni kuendeleza. Mwombaji hupeleka ramani za jengo, uthibitisho wa umiliki na stakabadhi za malipo. Maombi hayo hupita mikononi mwa maofisa wa ardhi, mipango miji, afya na uhandisi kabla ya kibali kutoka.

Ukimuuliza mwananchi kibali kinagharimu kiasi gani, atakutajia ada, na pengine malipo ya mchora ramani. Tunadhani hapo ndipo hesabu inapokosewa. Gharama kubwa ni muda, na kwa Tabora muda wa kujenga ni kiangazi. Mvua huanza Novemba na huendelea hadi Aprili. Tofali bichi lililonyeshewa hurudi kuwa udongo, na saruji iliyopata unyevu stoo huganda ikawa jiwe.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima amekopa shilingi milioni 2 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, akanunua vifaa vya vyumba viwili anavyotarajia kupangisha kwa shilingi 30,000 kila kimoja. Kila mwezi anaochelewa kuanza anapoteza riba ya shilingi 60,000 na kodi ya wapangaji ya shilingi 60,000, jumla shilingi 120,000. Alitaka kuanza Julai. Kibali kikitoka mwishoni mwa Oktoba, kwenye jalada ataonekana amechelewa miezi minne tu. Lakini mvua hizo zimefika, na fundi hataanza tena hadi Mei. Miezi minne ya ofisini imekuwa miezi kumi ya nyumbani, na hasara ni shilingi 1,200,000. Hapo hatujahesabu saruji iliyoganda. Wahenga walisema, ngojangoja huumiza matumbo.

Ndiyo maana wengi hujenga usiku au mwisho wa wiki, kisha wakaishi wakiogopa siku ya kuona alama nyekundu ya X ukutani. Jambo la kushangaza ni kwamba tangu mwaka 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU, na mita haiulizi kama chumba kina kibali. Mwananchi anayetambulika kirahisi hivyo wakati wa kulipa anastahili kutambulika kirahisi wakati wa kuomba.

Kuongeza chumba si ukaidi wa watu wa leo. Tabora ilikua kama kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na nyumba zake za tembe zilijengwa vyumba vikizunguka ua. Tembe la Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni kielelezo cha ujenzi huo. Familia ikikua au mzigo ukiongezeka, chumba huongezwa. Sheria ingefaa iujue utamaduni huo na kuuongoza.

Hatusemi kibali kifutwe. Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Taarifa zilieleza kuwa sehemu yake ya chini ilikuwa ikipanuliwa. Ukaguzi unaokoa maisha. Lakini chumba cha chini chenye bati si ghorofa la Kariakoo, na ofisa anayetumia wiki nyingi kwenye majalada ya vyumba vidogo hubaki na muda mdogo wa kukagua maghorofa.

Tunashauri mambo manne. Kwanza, halmashauri ziandae ramani za mfano za chumba kimoja, viwili na stoo, ili mwananchi achague badala ya kuanza kuchoresha upya. Pili, orodha ya ada na masharti ibandikwe katika kila ofisi ya kata na mtaa. Tatu, kuanzia Mei hadi Septemba maombi madogo yashughulikiwe kila wiki, na mwombaji apewe tarehe ya jibu kwa maandishi. Nne, ofisa aende kukagua msingi na mpaka wa kiwanja kabla ukuta haujapanda, maana makosa hujificha huko kuliko kwenye karatasi.

Nao wananchi wasisubiri hadi tumbaku iuzwe ndipo waanze kutafuta nyaraka. Miezi ya mvua, ambayo fundi hana kazi, ndiyo ya kupeleka maombi. Halmashauri ikijibu kwa wakati, fedha za msimu huu zitasimama kama nyumba badala ya kuyeyuka na matofali.