Mvita na Unguja: Ugomvi wa Barazani

Tangu zamani watu wa Mombasa na watu wa Unguja hutaniana na kugombana juu ya jambo moja, nalo ni hili: mji upi wenye Kiswahili kilicho bora? Ugomvi huu si wa marungu. Huanzia barazani kwa kikombe cha kahawa, na waweza kuendelea hata adhuhuri, kila mtu akimwita mwenziwe sheikh kwa heshima zote, huku akimwambia kwamba hajui kusema.

Mgeni wa Unguja afikapo Mvita huweza kumsikia mama akimwita mtoto wake, "Ndoo uteke!" Yeye hudhani mtoto ameagizwa achukue ndoo akateke maji. Kumbe ameitwa aje acheke. Maana mahali pengi palipo na "ch" katika Kiunguja, Kimvita kina "t": macho ni mato, mchele ni mtele, na njia huitwa ndia. Mgeni akiangua kicheko, mwenyeji humjibu kwamba masikio yake ni mazito. "T" ya kucheka hutamkwa ulimi ukigusa meno, na "t" ya kuteka maji ulimi ukigusa ufizi. Asiyezitenga hizo mbili ana haki gani ya kumcheka mwenziwe? Jibu hilo ni la kweli, wala herufi za vitabu vyetu hazina njia ya kulionyesha.

Utani huu una mzizi mchungu. Zamani Mvita ilitawaliwa na Wamazrui, na mshairi wao Muyaka bin Haji alitunga mashairi ya kuwatia watu moyo wasimwogope Sayyid Said. Lakini mwaka 1837 Sayyid Said aliutwaa mji, na Mvita ikawa chini ya Unguja. Baadaye wamisionari nao waliongeza kuni motoni. Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika kamusi yake kwa kufuata Kimvita. Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha Kiunguja mwaka 1870. Hata Biblia zilikuwa mbili, kila mji na yake, mpaka ilipopigwa chapa moja ya pamoja mwaka 1952.

Hukumu ilikatwa mwaka 1928. Mkutano wa kuchagua Kiswahili cha vitabu na shule ulifanyika Mombasa kwenyewe, na Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Mwenyeji alishindwa sebuleni mwake! Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia lugha hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Yafaa ijulikane kwamba Kiunguja hakikushinda kwa utamu. Misafara ya biashara iliyotoka pwani inayoelekeana na Unguja ilikipeleka Tabora na Ujiji, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wadachi nao walipoitawala Tanganyika walikitumia katika shule na ofisi zao. Basi serikali za Waingereza, zilipotaka vitabu vya namna moja ili gharama ipungue, zilikuta kazi imekwisha kuanzwa. Hizo ni sababu za safari na za fedha, na mtu wa Unguja anayejisifu kwamba lugha yake ilichaguliwa kwa uzuri wake amejitunukia nishani asiyopewa na mtu. Tena hata kisiwani humo mzee wa Makunduchi ana lahaja yake mwenyewe, wala hiyo haikuchaguliwa. Kilichochaguliwa ni cha mjini.

Aliyelipa gharama ni mtoto wa Mvita. Mtoto wa Nyeri au wa Kakamega hujifunza neno "macho" kama neno geni, naye hapotezi kitu, kwa sababu lugha ya mamaye inabaki mahali pake. Lakini mtoto wa Mji wa Kale akiandika "mato" katika mtihani hupigwa mstari mwekundu, na neno alilofundishwa na nyanya yake, neno la Muyaka, linageuka kuwa kosa. Hilo haliondolewi kwa utani. Washairi ndio waliolipatia dawa kidogo: diwani ya Ahmad Nassir, "Malenga wa Mvita", ilitoka mwaka 1971, na watu wengi wa bara wakalazimika kujifunza maneno ya Mombasa ili waielewe.

Unguja haijaacha kushinda. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi mwaka 2015, ina makao yake huko huko, na mtu wa Mvita hukumbushwa jambo hilo kila anapoinua sauti. Yeye humtaja Muyaka. Mwenziwe humjibu kwa Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilitiwa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka ule ule wa 1928. Kahawa humalizika, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Lakini akipita mtu wa Nairobi akasema, "Mkate imeisha," wote wawili huacha ugomvi wao papo hapo, wakamgeukia na kumsahihisha kwa sauti moja.